Fidia: hakuna anayekataa kulipa

Katika kazi yangu ya kuthamini mali za wanaopisha miradi hapa Bagamoyo sijawahi kumsikia ofisa akimwambia mwenye shamba, "Hatutakulipa." Utasikia kwamba bajeti haijapita, jedwali la fidia liko Dodoma, wataalamu bado wanalipitia. Kila jibu huwa la kweli kwa siku ile. Yaunganishe uone miaka inavyokatika.

Gharama ya kumhamisha mtu si siri. Kanuni za 2001 zinataka alipwe thamani ya ardhi na vilivyo juu yake, posho ya usumbufu, kodi ya nyumba ya miezi 36, usafiri wa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na faida anayoipoteza kama alikuwa na biashara. Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Hapo kwenye wakati ndipo panapouma, maana mradi hutangazwa kwa hotuba, fidia hutaka fedha taslimu.

Sheria ya uthamini ya 2016 ikajaribu kuutoza uchelewaji. Mthamini Mkuu wa Serikali akishaidhinisha, mlipaji ana miezi sita. Ikipita, riba inaanza kuhesabiwa kwa wastani wa viwango vya amana za muda maalumu benki. Miaka miwili ikiisha, uthamini umekufa, kazi inaanza upya. Lakini tazama saa inapoanzia: kwenye idhini, si siku tuliyopita na futi kamba tukihesabu minazi yako. Basi asiyetaka riba hana haja ya kuvunja sheria. Anakawiza kilicho kabla ya sahihi: picha zimepungua, jina limekosewa, mpaka uhakikiwe tena. Dosari nyingine ni za kweli. Nyingine, kwa nilivyoona, huibuka pale tu fedha inapokuwa haipo.

Huku nyuma mwenye nyumba ameambiwa asiendeleze. Makuti yanavuja, na atakachoongeza hakitahesabiwa. "Mwanangu," aliniuliza mzee mmoja wa Mlingotini, "hii nyumba kwa sasa ni yangu au ya Serikali?" Nilimjibu kwamba kisheria ni yake. Jibu hilo halikumwezekea paa.

Hata mradi mzima huweza kukwepwa hivyo hivyo. Makubaliano ya bandari ya Bagamoyo yalisainiwa 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, Rais Magufuli akayashutumu masharti hadharani 2019, na 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yanafufuliwa. Kuufuta kungemlazimu mtu aeleze watu waliopisha walipisha nini. Kuuendeleza kungelazimu kuyakubali masharti. Kusubiri hakumdai kitu aliye ofisini.

Nasi wananchi tusijitoe lawamani. Wategeshaji, wale wanaopanda mipapai usiku ili asubuhi ihesabiwe, wala hawanisumbui; macho yanatosha. Kazi iko kwenye shamba la marehemu. Babu amefariki zamani, wajukuu wanaokota korosho kwa zamu, na hakuna aliyekwenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi. Wanajua wakifungua mirathi wataulizana nani mtoto na nani si mtoto, na shangazi aliyeolewa Pangani anapata nini. "Tutakaa," wanasema, na hawakai. Fedha ikifika, hundi haina jina la kuandikwa. Mlipaji naye anafurahi kimoyomoyo, maana sasa mchelewaji ni familia.

Kwa hiyo kama mradi unanukia kijijini kwenu, shughulikieni mirathi kabla sisi hatujafika. Tunza nakala ya fomu uliyosaini. Na ukienda kwa mtendaji, usiulize mtalipwa lini. Hilo kila ofisa ana jibu lake. Uliza tarehe ya idhini ya Mthamini Mkuu. Kama hakuna, iandikie barua mamlaka inayotwaa ardhi, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, na ubaki na nakala yako iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.