Moshi wa mabua, moshi wa dizeli: kaboni na umri wake

Januari ikifika, mashamba mengi kutoka Bungoma hadi Vihiga hufuka moshi. Mkulima amekusanya mabua ya mahindi akayatia moto, kwa kuwa anataka shamba safi kabla ya mvua ya masika. Katika mikutano ya wakulima swali halikosi: je, moshi huu ndio unaotuletea ukame mwaka huu na mafuriko ya Nyando mwaka ujao? Kwa sehemu kubwa, hapana. Ili kuelewa kwa nini, tuulize kwanza kaboni iliyo ndani ya moshi huo ina umri gani.

Mahindi yaliyopandwa Machi huvuta kaboni dioksidi, gesi inayozuia joto la dunia kutoroka, kutoka hewani kupitia majani na, kwa nguvu ya jua, huigeuza kuwa sukari, wanga na nyuzi za bua. Bua likichomwa, kaboni hiyo inarudi ilikotoka kabla hata ya kumaliza mwaka, na mahindi ya msimu unaofuata yataivuta tena. Gunia la makaa linaloteremshwa soko la Kibuye ni habari nyingine. Mti uliochomwa huenda ulichukua miaka 30 kukua, na kaboni yake itaondolewa hewani iwapo tu mti mwingine utaachwa ukue muda uo huo. Kisha kuna dizeli. Kaboni iliyo kwenye tangi la lori linalopanda Mau Summit ilivutwa na viumbe wadogo wa baharini mamilioni ya miaka iliyopita, ikazikwa chini ya miamba, ikasahaulika na mzunguko mzima wa uhai. Lori linaimaliza kwa safari moja. Hakuna shamba wala msitu uliokuwa ukiingojea.

Umri huu hupimwa. Angani juu hutengenezwa aina ya kaboni iitwayo kaboni-14, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Mafuta na makaa ya mawe yamekaa ardhini muda mrefu kiasi kwamba yamebaki bila kaboni-14 kabisa. Mwaka 1955 mwanasayansi Hans Suess alionyesha kwamba miti iliyokua karne ya 20 ilikuwa na upungufu wa kaboni-14, kwa sababu hewa iliyovutwa na miti hiyo ilikuwa imechanganyika na kaboni kongwe ya mafuta na makaa ya mawe. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, takriban 280 zilikuwa za kaboni dioksidi. Vipimo vilipoanza Mauna Loa, kisiwani Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa karibu 315. Leo zimepita 420. Hapa kwetu Idara ya Hali ya Hewa ina kituo kwenye Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,600 juu ya usawa wa bahari, kinachofuatilia hewa hii pia.

Wakazi wa Nakuru huuliza kuhusu Menengai na Longonot: je, volkano hazitoi gesi hiyo hiyo? Zinatoa, lakini volkano zote duniani zikijumlishwa hazifikii asilimia 1 ya kile ambacho binadamu anatoa kwa mwaka.

Kiasi hicho cha binadamu ni takriban tani bilioni 40 za kaboni dioksidi kila mwaka, tukihesabu mafuta, viwanda na ukataji wa misitu. Inayobaki hewani haifiki nusu. Mimea na udongo huchukua karibu asilimia 30, bahari karibu robo. Gesi huyeyuka kwenye maji ya juu ya bahari, na maji mazito ya baridi karibu na ncha za dunia huzama nayo hadi vilindini, ambako yaweza kukaa mamia ya miaka. Lakini maji ya moto hushika gesi kidogo kuliko ya baridi, kama soda iliyoachwa juani inavyotoa gesi yake upesi ikifunguliwa. Kwa hiyo bahari inavyozidi kupata joto ndivyo uwezo wake wa kutusaidia unavyopungua. Msaada wenyewe pia una gharama: kaboni dioksidi ikiyeyuka majini hutengeneza asidi, na matumbawe ya Watamu na Kisite hupata shida kujenga mifupa yao.

Udongo ndio ninaoujali kuliko yote, na ndio usiotajwa sana. Duniani kote, udongo una kaboni nyingi kuliko angahewa na mimea yote kwa pamoja. Chota udongo chini ya mti mkubwa ndani ya msitu wa Kakamega, kisha uchote mwingine kwenye shamba la mahindi lililo hatua chache nje ya msitu. Wa kwanza ni mweusi, mwepesi, unashikamana vitonge vitonge na unanukia mvua. Wa pili ni mwekundu, na ukikauka unakuwa vumbi. Shamba lililofyekwa kutoka msituni na kulimwa miaka nenda miaka rudi bila samadi wala masalia ya mazao laweza kupoteza nusu ya kaboni ya udongo, au zaidi, ndani ya miongo michache. Hasara ya kuchoma mabua iko hapo hasa: yangeachwa juu ya udongo au kuozeshwa kuwa mboji, sehemu ya kaboni yake ingeingia ardhini, na ardhi ingeshika maji.

Hili si jambo la kinadharia. Wakulima wa Kisumu, Siaya na Bungoma waliofanya kazi na shirika la Vi Agroforestry, chini ya mradi ulioungwa mkono na Benki ya Dunia, walikuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kupewa hati za kaboni ya udongo, yaani vyeti vya kaboni iliyohifadhiwa ambavyo huweza kuuzwa, mwaka 2014. Malipo yanayomfikia mkulima mmoja kutoka soko la kaboni ni madogo, na anayemwahidi mkulima utajiri wa haraka kwa njia hiyo anampotosha. Faida yake kubwa ni mavuno.

Mbolea ya dukani nayo ina gesi yake. Ikinyunyiziwa kwa wingi kupita mahitaji ya mmea, kisha mvua kubwa ikanyesha, vijidudu vya udongo hugeuza sehemu ya naitrojeni kuwa nitrasi oksidi. Katika kipindi cha miaka 100, kilo moja ya gesi hii huongeza joto takriban mara 270 kuliko kilo moja ya kaboni dioksidi. Kuigawa mbolea mara mbili, kwa kipimo, humwokolea mkulima pesa na hupunguza gesi hiyo.

Sasa twende ufuoni Dunga, Kisumu, kwenye Ziwa Victoria. Ukitumbukiza upondo kwenye matope kando ya mafunjo, mapovu hupanda. Ndani yake mna methani. Chini ya maji hakuna oksijeni, hivyo mabaki ya mimea huoza polepole sana na vijidudu hutoa gesi hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwenye mpunga wa Ahero, kwenye gugumaji linalooza ghubani, na tumboni mwa ng'ombe. Methani hudumu hewani takriban miaka 12 tu, lakini katika miaka 20 ya kwanza nguvu yake ya kuongeza joto ni zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi. Mkulima wa mpunga anayeacha jaruba likauke kiasi kabla ya kulijaza tena hupunguza methani sana, na maji yanabaki kwa majirani.

Kuna wanaosikia haya na kusema: kama kinamasi kinatoa methani, basi tukikaushe. Hapo ndipo umri wa kaboni unapoamua. Mafunjo ni miongoni mwa mimea inayokua kwa kasi zaidi duniani, na kwa kuwa mabaki yake yanaoza taratibu majini, kaboni hujikusanya tabaka juu ya tabaka kwa karne nyingi. Kinamasi cha Yala, chenye karibu hekta 17,500, kimekaushwa sehemu kwa ajili ya kilimo tangu miaka ya 1960. Mfereji ukichimbwa, oksijeni huingia kwenye matope, na kilichozikwa kwa karne huanza kuoza na kurudi hewani kwa miaka michache. Serikali imeweka lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, nami naliunga mkono. Hata hivyo miche iliyopandwa mwaka huu haiwezi kulipa kaboni ya kinamasi kilichokaushwa mwaka huu, labda wajukuu wetu waikute imelipwa.

Sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, na umma upewe nafasi ya kutoa maoni. Baraza likiitwa kujadili mradi wa kukausha ardhi oevu, iwe Siaya, Busia au Nyando, nendeni. Ulizeni tabaka la matope meusi lina kina gani, limehesabiwa na nani, na maji yatarudishwaje mradi ukikwama. Kisha ombeni majibu kwa maandishi.