Je, wajua kwa nini wiki mbili tu za soseji na chipsi zinabadilisha damu yako?

Wengi wetu tukisikia ugonjwa wa moyo tunawaza mafuta kuganda kwenye mishipa basi, kumbe kazi kubwa pale inafanywa na kinga yetu wenyewe. Kolesteroli mbaya ikipenya kwenye ukuta wa mshipa, seli nyeupe zinaifuata, zinaimeza, zinajaa na kufia humohumo, panabaki bonge la mafuta ambalo siku likipasuka damu inaganda hapo na moyo unakosa damu. Na mafuta ya kitambi nayo hayajakaa kimya, yanamwaga kemikali zinazochochea uvimbe, yaani kinga kuwaka bila sababu mwili mzima, na kuifanya insulini, homoni inayoshusha sukari, isisikilizwe, ndo maana presha, sukari na moyo huwa vinafuatana.

Sasa msosi unaingiaje? Kuna utafiti umefanyika hapahapa kwetu Kilimanjaro, watafiti wa hospitali ya KCMC Moshi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud Uholanzi, ulitoka 2025 kwenye jarida la Nature Medicine. Walichukua wanaume 77 wenye afya, baadhi ya wa kijijini wakaacha chakula chao wakala vya kizungu wiki mbili, soseji, mkate mweupe, chipsi, na baadhi ya wa mjini wakarudishwa kwenye kiburu (ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja), maharage, ulezi na mboga. Waliohamia soseji viashiria vya uvimbe kwenye damu vilipanda na kinga yao ikawa dhaifu kupambana na vimelea, wale wa kiburu ikawa kinyume chake! Tena walipopimwa wiki nne baadaye mabadiliko mengine yalikuwa bado yapo. Kuna kundi lilikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, wiki moja nalo uvimbe ukapungua, ila jamani mbege ni pombe, tusiifanye dawa.

Siri mojawapo iko kwenye nyuzinyuzi zilizomo kwenye maharage, ulezi na mboga. Utumbo mdogo hauwezi kuzimeng'enya, zinafika utumbo mpana bado nzima, bakteria wanazila na kutoa kemikali iitwayo butireti, ambayo inalisha ukuta wa utumbo na kuituliza kinga. Nyuzinyuzi za maharage pia zinabeba nyongo na kutoka nayo chooni, hivyo ini inalazimika kuchukua kolesteroli kwenye damu itengeneze nyongo nyingine.

Kwa hiyo mtu asikwambie ukiacha nyama tu umemaliza, chipsi na soda vyote vimetoka kwenye mimea na havina huo msaada. Hata ugali, sembe imekobolewa ganda na kiini, dona imebaki navyo, mi naona hapo ndo pa kuanzia maana hata bei haikimbizi mtu. Na kama unameza dawa za presha au sukari usiziache, mwambie daktari umebadilisha msosi aangalie kama dozi bado inakufaa.