Kazi mpya, shule mpya, nyumba mpya: mwaka mmoja ukibeba yote

Kazi yangu ni ushauri wa familia, na kuna aina ya wateja wanaofika kwangu wakiona aibu. Wanakaa, wanatazamana, kisha mmoja anasema, "Kwa kweli hatuna shida yoyote." Hakuna aliyefariki, hakuna anayetaka talaka, hakuna mgonjwa. Ila mwaka jana mama alipandishwa cheo na kuhamishiwa mji mwingine, baba akaacha kazi ili wasitengane, watoto wawili wakahama shule katikati ya muhula, na bibi, mzaa baba, akaja kuishi nao kwa kuwa kule walikotoka hakubaki wa kumwangalia. Sasa wanagombana kwa mambo ya kipuuzi: nani kaacha taa inawaka, nani kakalia kiti cha nani. (Familia hii nimeiunda kwa kuchanganya habari za familia nyingi, asije mtu akajulikana. Hata hivyo wengi mtajiona humo.)

Aibu yao inatokana na namna wanavyopiga hesabu. Wanachukua badiliko moja, wanalipima peke yake, wanaliona dogo, wanaliweka kando. Kuhama? Watu wanahama kila siku. Shule mpya? Watoto huzoea. Cheo? Hiyo ni baraka, utailalamikiaje? Mwisho wa hesabu wanapata sifuri, na sifuri hiyo hailingani na uchovu walio nao. Basi kila mmoja anahitimisha kimoyomoyo kwamba mwenye kasoro ni yeye, au mwenzake.

Mwaka 1967 madaktari wawili wa akili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walichapisha orodha ya matukio 43 ya maisha. Kila tukio walilipa alama kulingana na kiasi cha kujirekebisha linachomdai mtu. Kifo cha mwenzi kiko juu kabisa kwa alama 100, talaka ina 73. Mimi huvutiwa na sehemu za chini za orodha, ambazo watu huzipita haraka. Mchukue yule mama. Majukumu ya kazini kubadilika, 29. Saa na mazingira ya kazi kubadilika, 20. Kuhama makazi, 20. Hali ya maisha nyumbani kubadilika, 25. Hali ya fedha kubadilika, iwe kupanda au kushuka, 38. Mwenzi kuacha kazi, 26. Mtu kuongezeka katika familia, na mzee aliyehamia kwako anahesabika hapo, 39. Kukatika kwa maisha ya kujumuika na marafiki, 18. Usingizi kubadilika, 16. Jumla ni 231, na hakuna hata tukio moja lililofika 40. Holmes na Rahe waliwaweka watu wenye alama kati ya 150 na 299 katika kundi la kati la uwezekano wa kuugua. Na wengi katika kundi hilo ni watu ambao, ukiwauliza, watakwambia mwaka wao ulikuwa mzuri.

Tafadhali msiikimbilie orodha hiyo na kalamu. Ni chombo butu. Rahe alipowafuatilia mabaharia zaidi ya 2,000 wa jeshi la majini la Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1970, uhusiano kati ya alama na ugonjwa ulionekana, lakini ulikuwa hafifu. Watu wawili wenye alama zilezile hawafiki mahali pamoja. Mimi huitumia kwa jambo moja tu, kuifuta ile sifuri.

Kwa nini wasifike mahali pamoja? Mwanasosiolojia Reuben Hill alikuwa amelishughulikia swali hilo mapema zaidi, alipochunguza familia zilizotenganishwa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia kisha zikaungana tena. Katika kazi aliyoitoa mwaka 1949 alieleza kwamba tukio peke yake halitoshi kuiyumbisha familia. Inategemea pia familia ina nini mkononi cha kukabiliana nalo, na inalipa tukio hilo maana gani. Utafiti wake ulionyesha jambo ambalo bado huwashangaza wateja wangu: mume kurudi salama kutoka vitani, furaha iliyoombewa miaka mingi, nako kulivuruga nyumba. Mke alikuwa amezoea kuamua mwenyewe, watoto walikuwa na utaratibu usio na baba, na sasa kila nafasi ilibidi igawanywe upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Hamilton McCubbin na Joan Patterson waliongeza kipande kilichokosekana, yaani mrundikano. Tukio halipigi hodi kwenye nyumba tupu. Linawakuta watu wakiwa bado hawajamalizana na lililotangulia.

Hilo la maana ndilo hunichukulia muda mwingi kwa wazazi. Mama husimulia mwaka kwa neno "tumepanda". Baba naye, akiachwa aongee bila kukatizwa, husema "niliachia". Wanaishi nyumba moja katika miaka miwili tofauti. Huwa namwomba kila mmoja ausimulie mwaka mzima tangu siku taarifa ya uhamisho ilipofika, na mwenzake asirekebishe chochote, hata tarehe. Mara nyingi hapo ndipo mke husikia kwa mara ya kwanza kwamba kinachomuuma mumewe ni kukosa mtu wa kumuuliza kitu cha kitaalamu tangu aache kazi. Alidhani ni fedha, akawa anajitahidi kutozitaja fedha.

Sasa watoto, na hapa nitakaa kidogo.

Roberta Simmons na wenzake waliwafuatilia vijana wa shule katika mji wa Milwaukee, Marekani, wakachapisha matokeo mwaka 1987. Waliangalia mabadiliko matano yanayoweza kumkuta kijana anayeanza kubalehe: kubadilisha shule, mwili kubadilika, kuanza uhusiano wa kimapenzi mapema, familia kuhama, na familia yenyewe kupata mtikisiko mkubwa. Swali lao lilikuwa rahisi: inakuwaje yakimjia kwa mkupuo? Kadiri yalivyorundikana ndivyo alama za darasani zilivyoshuka, na ndivyo kijana alivyojitoa katika michezo na shughuli nyingine za shule. Kwa wasichana, hata namna walivyojithamini ilishuka.

Maelezo yao ndiyo ninayoyategemea zaidi katika kazi hii. Kijana huhimili badiliko katika eneo moja la maisha ikiwa kuna eneo jingine analoweza kurudi akajisikia salama, mahali ambapo halazimiki kujithibitisha upya. Shule ikiwa ngeni, nyumbani panamtosha. Nyumbani pakichafuka, kuna rafiki wa zamani au timu. Shida huanza siku anapogeuka kila upande asione panapomjua. Binti wa miaka 13 katika familia yangu ya mfano amepoteza shule, mtaa na marafiki, chumba chake analala na bibi, na baba aliyemzoea kumwona jioni sasa yupo nyumbani mchana kutwa akiwa na uso mwingine. Mwili wake nao unabadilika bila kuomba ruhusa ya mtu. Wazazi wananiuliza kwa nini amekuwa mkali. Mimi hushangaa anavyoweza kuamka.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalowapa ni hili: kwa kila mtu ndani ya nyumba, ni nini ambacho hakijabadilika? Nataka jibu la mtu mmoja mmoja, kwa kuwa kona ya mmoja haimfai mwenzake. Mtoto wa miaka saba anaweza kutosheka kwa hadithi ya kabla ya kulala, saa ileile, msomaji yuleyule. Binti hatosheki kwa hadithi. Anahitaji simu ya kila wiki na rafiki yule wa zamani, isiyochukuliwa kama adhabu akikosea, na pazia chumbani, na saa moja ambayo bibi yuko kwingine. Kama kwa mtu fulani jibu ni "hakuna", hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya masomo ya ziada na kabla ya mahubiri kuhusu shukrani.

Swali la pili ni lipi linaweza kungoja. Wazazi waliozidiwa wana tabia ya kumaliza yote kwa pamoja: tukishahama, tumwachishe mdogo kulala na sisi, mkubwa abadilishe mchepuo wa masomo, baba aanze biashara. Wanaita kuanza upya. Mimi naita kuongeza alama. Mtoto asitolewe mazoea yake ya usiku katika miezi ileile aliyotolewa shuleni. Na uhamisho wa shule ukiweza kungoja mwisho wa muhula, ungoje, hata kama mzazi mmoja atatangulia peke yake.

Kazi ya mzazi humfikia mtoto kwa njia ya hasira za mzazi. Glen Elder aliandika mwaka 1974 kuhusu watoto wa Oakland, California, waliozaliwa 1920 na 1921, ambao familia zao zilipoteza kipato katika mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930. Madhara mengi yalipita kwa baba aliyekuwa mkali na asiyetabirika. Lakini watoto hao walikuwa wakubwa kiasi cha kusaidia. Wavulana walitafuta vibarua, wasichana wakashika kazi za nyumbani, na wengi wao walifika utu uzima wakiwa imara kuliko mtu angetarajia. Baadaye Elder aliwalinganisha na watoto wa Berkeley waliozaliwa 1928 na 1929, ambao dhiki hiyohiyo iliwakuta wadogo, na hao, hasa wavulana, waliumia zaidi. Mimi hupata humo mambo mawili ya kutumia. Mtoto mdogo hawezi kubeba maelezo, kwa hiyo apewe utaratibu. Mtoto mkubwa apewe jukumu la kweli, lenye kikomo, linalohesabika: yeye ndiye anayejua ratiba ya mdogo wake, au yeye ndiye aliyechagua mpangilio wa sebule. Asigeuzwe mshauri wa mama yake usiku.

Jambo linalowachanganya wazazi wengi ni ucheleweshaji. Wakati wa kuhama watoto walikuwa malaika, walifunga maboksi wakiimba. Miezi kadhaa baadaye, mambo yakiwa yametulia, mdogo anaanza kukojoa kitandani na mkubwa tumbo linamuuma kila Jumatatu. Naona hali hii mara kwa mara, na kwangu ni dalili kwamba mtoto ameona sasa kuna nafasi. Wazazi wakiwa mbioni hakujiongeza kwenye foleni. Usimwambie "mbona tulishazoea?" Na wakati wa kuhama wenyewe, jihadharini na "mtapapenda sana". Mtoto akiambiwa hivyo, siku asipopapenda atakuwa na makosa mawili: hana raha, na amewaangusha.

Bibi huachwa nyuma katika mazungumzo haya. Watu wazima wa nyumba humwona kama mojawapo ya mabadiliko yao na kusahau kwamba yeye ndiye aliyebadilikiwa kuliko wote: majirani, kitanda, mamlaka ya kupanga siku yake. Anaambiwa "wewe pumzika tu". Kupumzika mchana kutwa katika nyumba ya mtu ni kazi ngumu. Mpeni jambo ambalo lisipofanywa na yeye halifanyiki, na mlango anaoweza kuufunga.

Ugomvi wa taa na viti sipendi kuuharakisha, mara nyingi hupungua wenyewe watu wakishapata kona zao. Ninachokiharakisha ni kingine. Mtoto aliyeacha kula au kulala kwa wiki mfululizo, anayekataa shule kabisa, au anayezungumzia kufa. Mzazi anayehitaji pombe ili afike jioni. Mzee aliyekuwa mwangalifu na sasa amepotewa na siku na majina. Hao wapelekwe kwa daktari bila kungoja zamu yao ya kuonana nami, na mwaka wa mabadiliko usitumiwe kama maelezo ya kila kitu. Mzee huyo huenda ana maambukizi tu yanayotibika, na familia inaendelea kusema ni ugeni wa nyumba.