Matokeo si hesabu ya magari

Wiki iliyopita nimekaa tena kikao kizima nikisomewa "matokeo ya mageuzi" ya taasisi moja ya umma: muundo mpya umepitishwa, magari 5 yamenunuliwa, watumishi wamepelekwa semina, mkataba wa huduma kwa mteja umebandikwa ukutani. Makofi. Hakuna hata kimoja hapo kilicho matokeo.

Kwa kifupi, kutathmini matokeo ya mageuzi ni kupima kilichobadilika kwa mwananchi kwa sababu ofisi imebadilika. Basi.

Sasa lisikilize neno lenyewe. Halikuzaliwa na "toka" bali na "tokea", na ile "e" ndiyo ile inayogeuza leta kuwa letea: jambo lina mtu au mahali linapoangukia. Gari lililoegeshwa uani mwa ofisi bado halijamtokea mtu. "Tathmini" nayo ni damu moja na "thamani". Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kukipa kitu bei yake. Kuhesabu vilivyopo ni kazi ya mtunza stoo.

Chukua RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini wa Tanzania. Kabla ya Julai 2019 wahandisi wa maji wa wilaya walikuwa chini ya halmashauri. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka huo ikaunda wakala huo na kuwahamishia huko, chini ya Wizara ya Maji. Kuhamisha majalada, kufungua ofisi, kusajili vyombo vya kijamii vya kusimamia miradi: hiyo ni kazi iliyofanyika. Matokeo yako kwenye koki ya kijijini. Mama aliyefika saa kumi na mbili asubuhi anaondoka na ndoo imejaa, au anaiacha imshikie foleni? Pampu iliyokufa Jumatatu inafufuka lini?

Na hata maji yakitoka, bado. Huenda mvua ilikuwa nzuri, au kisima kingechimbwa tu, wakala uwepo usiwepo. Asiyejua foleni ya 2018 ilikuwa na urefu gani atalinganisha na nini?

Kwa hiyo, ndugu zangu waandaaji wa taarifa, ile safu ya magari na semina msiifute. Iandikeni "Kazi zilizofanyika". Ya matokeo, kama mwaka wa kwanza haina cha kujaza, iacheni wazi.