Kayaki ya plastiki haitundikwi kwa vishikio

Wengi huamini kayaki ya plastiki, chombo kidogo chembamba cha kupiga kasia, ni ngumu kiasi cha kutundikwa darini kwa kamba zilizofungwa kwenye vishikio vyake. Sivyo. Nyingi ni za polietilini, plastiki inayolegea kwenye joto. Uzito wote ukishikiliwa na ncha mbili tu, tumbo hushuka taratibu hadi chombo kipinde.

Chanja ya bei nafuu yatosha: nguzo mbili za mbao za inchi mbili kwa nne, kila moja na mkono uliokazwa kwa bolti na kuviringishiwa tyubu kuukuu ya baiskeli. Mikono ikae takriban robo ya urefu wa kayaki kutoka kila ncha, nayo kayaki ilazwe kwa ubavu. Mtumbwi, ufudikize ukalie kingo zake. Na ezeka, hata kwa makuti: plastiki huogopa jua, si chumvi.