Kabla hujaniuliza uache kula nini

Mtu mwenye tumbo linalojaa gesi akikaa mbele yangu, kalamu na karatasi huwa tayari mkononi. "Niache kula nini?" Nami humuuliza: jana ulikula saa ngapi, na wakati unatafuna ulikuwa unafanya nini kingine? Mara nyingi kalamu hurudi mfukoni.

Ninatibu kwa tiba ya Kichina. Kwetu, chakula kina wahudumu wawili: tumbo hupokea na kuivisha, bandama huchukua kilicho bora na kukisambaza mwilini. Bandama hilo si kiungo anachokijua daktari wa upasuaji, ambacho shughuli yake ni damu na kinga. Kwetu ni jina la kazi kuliko la nyama, na ukilielewa hivyo hutagombana na daktari wako.

Nguvu ya tumbo inatakiwa ishuke, ya bandama ipande. Ya tumbo ikigeuka, zinakuja kwikwi, kucheua na kichefuchefu. Ya bandama ikilegea, choo huwa laini, usingizi hukubana ukishakula, na ulimi huvimba hadi meno yanaacha alama pembeni. Ndiyo maana tunakuomba utoe ulimi.

Aliyelishikilia sana jambo hili ni tabibu wa Kichina, Li Dongyuan (1180–1251). Mwaka 1232 Wamongolia waliuzingira mji wa Kaifeng, na hata walipoondoka watu waliendelea kufa kwa wingi. Matabibu waliwapa dawa za kufukuza baridi iliyoingia kutoka nje. Li aliona vingine: njaa, kula bila mpangilio, uchovu na hofu vilikuwa vimelichosha tumbo na bandama, na dawa zile kali zikawamaliza. Mambo manne, na hakuna hata moja lililo jina la chakula.

Kwa hiyo mimi huanza na saa. Saa yetu ya viungo, inayogawa siku kwa viungo vya mwili, hulitengea tumbo muda wa saa moja hadi saa tatu asubuhi; siichukui kama sheria, ila inanisaidia kumtetea mtu asiruke kifungua kinywa. Cha usiku kiwe kidogo, na mapema. Katikati, acha kudonoadonoa. Hapa sayansi ya leo inaniunga mkono: tumbo likiwa tupu, kila baada ya saa moja na nusu hadi mbili hivi hupita wimbi la kufagia mabaki kwenye utumbo, na ukila kidogo tu, ufagio unasimama.

Wachina husema ushibe sehemu saba kati ya kumi. Habari ya shibe huchukua kama dakika 20 kufika kwenye ubongo, basi anayekula kwa dakika tano ataijuaje hiyo saba? Tafuna. Ukiwa na hasira au hesabu za kazi kichwani, ngoja kwanza. Kwetu kuwaza kupita kiasi ndiko kunakoliumiza bandama.

Kuhusu maji ya barafu, walimu wangu walikuwa wakali kuliko mimi. Mwenye tumbo dhaifu namshauri vya moto na vilivyopikwa, uji mwepesi wa mchele wenye tangawizi kwa mfano. Mwenye tumbo imara simsumbui.

Ila choo chenye damu, uzito kupungua bila sababu, au chakula kukwama kooni si mambo ya tangawizi. Mtu akinitajia mojawapo, siku hiyohiyo namwandikia barua ya kwenda hospitali.