"Bwawa limetulia, tuingie": yanayosemwa Igombe na Kazima, na ukweli wake

Mtu wa Tabora mjini akitaka kukaa kando ya maji siku ya mapumziko, mara nyingi anaishia bwawani: Igombe, kaskazini mwa mji, au Kazima, au lambo la kijiji huko Uyui na Nzega. Igombe na Kazima ndiyo yaliyoulisha mji maji kwa miaka mingi kabla bomba la Ziwa Victoria halijafika. Malambo yalijengwa kwa ajili ya ng'ombe na mashamba. Hakuna hata moja lililojengwa kwa ajili ya kuogelea, na hapo ndipo makosa mengi yanapoanzia. Kwa hiyo, kabla ya yote, muulize mlinzi au ofisi ya maji kama kuingia kunaruhusiwa.

"Maji yametulia, hayana nguvu."

Juu yametulia kweli. Lakini bwawa lina sehemu tatu zinazofanya kazi: tuta linalozuia maji, bomba au mnara wa kuyachukulia, na utoro, yaani njia ambayo maji ya ziada hupitia masika bwawa likijaa. Penye mdomo wa bomba maji huvutwa chini, na juu huenda usione hata kiwimbi. Kaa mbali napo, angalau hatua hamsini, na usiruhusu mtoto kupiga mbizi kwenda "kuona bomba".

Utoro ndio unaodanganya zaidi. Maji ya sentimita 15 yanapita juu ya zege, yanang'aa, watoto wanataka kuchezea. Ujazo wa mita 1 ya maji pande zote una uzito wa tani 1, na zege hilo limeota ukungu wa kijani unaoteleza kama sabuni. Maji ya magoti yanayokimbia yanamwangusha mtu mzima. Akishaanguka, chini ya utoro kuna tatizo la pili: maji yanayoporomoka hujiviringisha na kurudi nyuma kuelekea ukutani. Ukitaka kuliona hilo, angalia gogo lililonaswa pale. Linazama, linaibuka, linarudishwa, linazama tena, hata saa nzima. Mtu hunaswa hivyohivyo, tena katika maji yaliyojaa povu, ambayo kwa sababu ya hewa hayambebi vizuri. Kujua kuogelea hakusaidii sana hapo, na mwokoaji anayejirusha kumfuata huwa wa pili kunaswa.

"Kiangazi maji yamepungua, sasa ni salama."

Mvua zetu huanza karibu Novemba na kuisha Aprili, hivyo kufika Septemba na Oktoba bwawa limerudi nyuma sana. Kinachobaki ndicho cha kuogopa. Visiki vya miombo vilivyofunikwa na maji tangu bwawa lijengwe sasa viko chini kidogo tu ya uso wa maji. Yapo pia mashimo yaliyochimbwa udongo wa kujengea tuta, ambayo mara nyingi yamo ndani ya bwawa lenyewe, na ule mkondo wa zamani wa mto. Unatembea katika maji ya magoti, hatua inayofuata huna pa kukanyaga.

Kuruka kichwa kwanza ni kosa hata mahali uliporuka mwezi Machi bila shida, kwa maana kina si kilekile. Chini ya mita 3 usiruke kichwa kabisa, na kina kipimwe siku hiyohiyo kwa mti mrefu au kamba yenye jiwe. Shingo ikivunjika hakuna wa kuiunga kando ya bwawa.

Halafu kuna tope. Ukingo ulioachwa na maji hukauka juu na kubaki uji chini, na anayenasa hukosea kwa kuvuta mguu mmoja kwa nguvu, kwani ule wa pili huzama zaidi. Jilaze chali au kaa kitako ili uzito usambae, tikisa mguu taratibu mpaka maji yaingie pembeni yake, kisha uvute polepole huku ukirudi ulikotoka. Anayekusaidia asisogee. Akurushie kamba, au akulazie ubao au matawi.

"Anayezama atapiga kelele, tutasikia."

Hapana. Kupiga kelele kunahitaji pumzi, na yeye pumzi ndiyo anayoitafuta. Mdomo unazama na kuibuka, kichwa kimeangukia nyuma, mikono imetanuka pembeni ikikandamiza maji, miguu haipigi. Kwa mbali utadhani anacheza au anapanda ngazi isiyoonekana. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha anapotea. Mtoto aliyekuwa na kelele akinyamaza ghafla, mwangalie palepale. Mdogo asiyejua kuogelea awe mahali mkono wako unapomfikia bila wewe kupiga hatua. Kusema "namwona kutoka kwenye jiko la mishikaki" hakutoshi.

Kumwokoa hakuhitaji ushujaa. Kunahitaji dumu. Mtu mzima aliye majini anahitaji msaada wa kilo 3 hadi 5 hivi tu ili kichwa kibaki juu, na dumu tupu la lita 10 lililofungwa vizuri lina nguvu ya kuinua karibu kilo 10. Yale ya njano ya mafuta ya kula yanafaa sana. Litayarishwe kabla watu hawajaingia majini: libonyeze chini ya maji, na likitoa mapovu kifuniko kinavuja, tafuta jingine. Funga kwenye mpini wa dumu kamba ya mita 15 hadi 20. Tia ndani maji ya kikombe kimoja, maana dumu tupu kabisa huyumbishwa na upepo na kuanguka popote. Rusha lipite kichwa cha anayezama, kisha livute limfikie, ukiwa umelala kifudifudi au umeshikwa na mwenzako. Kama yuko karibu, nyoosha fimbo, kanga iliyosokotwa au tawi. Kuingia mwenyewe ni jambo la mwisho kabisa, na usiingie mikono mitupu: anayezama hupanda juu ya chochote anachokishika, hata kichwa chako. Mwingine apige 114, Zimamoto na Uokoaji, wakati nyinyi mnaendelea.

"Tyubu ya gari inatosha."

Tyubu ni ya kuchezea. Upepo wa mchana huisukuma katikati, na ukiteleza tunduni inaendelea na safari bila wewe. Kwenye mtumbwi vaa jaketi la kuokolea lililofungwa vishikizo vyote. Kulipima ni rahisi: mwenzako ashike mabega ya jaketi na kuvuta juu. Likifika masikioni ni kubwa mno. La mtoto liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu.

"Aliyeopolewa ashikwe miguu, maji yatoke."

Hii inaua watu ambao wangepona. Maji yanayotoka mara nyingi ni ya tumboni, na kila dakika ya kumning'iniza au kumbonyeza tumbo ni dakika ambayo ubongo haupati hewa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, angalia kwa sekunde 10 tu kama anapumua. Hapumui? Bana pua, mpulizie pumzi 5, kila moja kama sekunde 1, ukiona kifua kinapanda. Kisha mikono katikati ya kifua, kandamiza mara 30, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, kasi ya karibu mara mbili kwa sekunde, halafu pumzi 2. Rudia hivyo, 30 kwa 2, mkipokezana. Povu mdomoni lisikusimamishe. Akitapika, mgeuze ubavu, safisha, endelea. Akizinduka, alazwe ubavu na apelekwe hospitali hata akisema yuko salama, kwani shida ya kupumua inaweza kuja saa kadhaa baadaye.

"Mamba wangekuwepo tungeshawaona."

Mamba anaweza kukaa chini ya maji zaidi ya nusu saa bila kuvuta pumzi, na mto Igombe ni sehemu ya maji ya Malagarasi, ambako mamba na viboko ni wenyeji. Waulize wavuvi na wachungaji wa hapo, wiki hiyo. Jioni na alfajiri kaa mbali na ukingo, na usisimame kati ya kiboko na maji. Na ukisikia ngurumo, toka majini na kwenye mtumbwi, usikimbilie chini ya mwembe, na usirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

"Kichocho hakiwapati wanaooga saa sita, jua limeua vijidudu."

Ni kinyume chake. Konokono wenye maambukizi huachia vijidudu hivyo mchana, jua likiwa kali, na huwa wengi pale penye majani, maji ya kina kifupi yasiyokimbia, yaani palepale watoto wanapochezea. Hupenya ngozi nzima, isiyo na kidonda, kwa dakika chache. Kujisugua kwa taulo si kinga ya kutegemea, na kuogelea katikati ya bwawa hupunguza tu hatari, maana lazima upite ukingoni. Samaki hawana kosa: perege wa bwawani hakuambukizi kichocho. Wavuvi wa ukingoni wavae buti za mpira. Maji ya kuogea yaliyotekwa bwawani yakikaa siku 2 kwenye pipa lenye kifuniko, lisilo na konokono, vijidudu hivyo hufa.

Wengi hukosea pia kwenye dawa. Ukimeza kesho yake baada ya kuogelea, prazikwanteli haisaidii sana, kwa sababu huua minyoo iliyokomaa na kuiacha michanga. Subiri wiki 6 hadi 8, kisha kapime. Mkojo utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Dozi ya kawaida ni mg 40 kwa kila kilo ya mwili, yaani vidonge 4 vya mg 600 kwa mtu wa kilo 60, baada ya chakula, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya.

"Tuta ni udongo tu, tupande miti kivuli kipatikane."

Mizizi ikifa na kuoza huacha vijia, na maji hupita humo yakibeba udongo kidogo kidogo. Njia za ng'ombe na pikipiki juu ya tuta huchonga bonde, na masika maji yakipata bonde hilo hulikata tuta la udongo kwa saa chache. Juu ya tuta panafaa nyasi fupi. Mahema na majiko yakae mbali na maji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za ukingo. Ukipita upande wa chini wa tuta, unyevu kidogo wa maji maangavu si ajabu. Yakiongezeka, au yakitoka na tope, au ukiona maji yakizunguka kama kwenye sinki karibu na tuta upande wa bwawa, waondoe kwanza watu walio bondeni, ndipo umpigie mlinzi, mtendaji wa kijiji na mamlaka ya maji. Waambie ni upande gani, hatua ngapi kutoka utoro, na rangi ya maji.